UZI: Kibiro, kijiji cha chumvi chini ya genge, Ziwa Albert

Atwoki wa Kigorobya (mwanzisha uzi)

Salaam ndugu zangu, hasa wa Hoima, Masindi na Buliisa, huku magharibi mwa Uganda, na jamaa wa ng'ambo ya ziwa.

Wiki iliyopita nilipanda taksi kutoka Hoima kurudi nyumbani Kigorobya. Kijana mmoja aliyekaa ubavuni pangu alikuwa akiongea na mwenzake kuhusu kazi za mafuta, kisha akasema: "Kibiro? Kule hakuna kitu. Hata muhogo hauoti." Sikumjibu, maana jibu lake ni refu kuliko safari. Naliandika hapa.

Bibi mzaa mama alizaliwa Kibiro. Kwa wasiopajua: ukitoka Kigorobya ukaelekea magharibi, nchi inakatika ghafla. Unasimama juu ya genge la Bonde la Ufa, na mamia ya mita chini yako ziwa limelala. Sisi tunaliita Mwitanzige, muua nzige. Wazungu walilipa jina la Albert mwaka 1864, Samuel Baker alipolifikia. Katikati ya genge na maji kuna ukanda mwembamba wa ardhi, na juu ya ukanda huo ndipo kijiji kilipo. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tukishuka kwa miguu, magoti yakitetemeka, na kupanda tena ni habari nyingine kabisa.

Ni kweli muhogo hauoti. Mvua ni chache, udongo una chumvi. Lakini jiulize: mahali pasipoota chakula, watu walibakije kwa mamia ya miaka?

Chini ya genge kunatoka chemchemi za maji moto: Mukabiga, Mwibanda na Muntere. Joto la ile iliyo moto zaidi linapita nyuzi 80. Maji hayo yana chumvi, na yanapopenya ardhini kuelekea ziwani yanailowesha ardhi yote ya pale. Hapo ndipo wanawake wa Kibiro wana mashamba yao. Nasema mashamba kwa sababu wao wenyewe wanayaita hivyo, ingawa hakuna jani hata moja. Ni vitalu vilivyogawanywa kwa mistari ya mawe, na kila mstari una mwenyewe.

Kazi yenyewe iko hivi. Mama anatandaza udongo mkavu uliosagika juu ya kitalu chenye unyevu. Jua likiwaka, unyevu unapanda kutoka chini na kuingia katika ule udongo mkavu. Maji yanakauka, chumvi inabaki. Anaukwangua, anautandaza tena, anaukwangua tena, mpaka ujae chumvi. Kisha anaukusanya na kuutia katika chombo chenye matundu chini, anamimina maji juu yake, na chini yanadondoka maji makali yanayokaribia kuuma ulimi. Hayo ndiyo anayoyapeleka jikoni kuyachemsha kwa kuni saa nyingi, zamani kwa vyungu, sasa kwa masufuria na madebe yaliyokatwa, mpaka maji yaishe na chumvi ibaki chini.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mimi mwenyewe nililielewa nikiwa mtu mzima. Ule udongo uliokwisha kuchujwa hautupwi. Unarudishwa kitaluni, unaanikwa, unatandazwa upya. Bibi alitumia udongo alioukuta kwa mama yake, naye aliukuta kwa mama yake. Kitalu kinatoka kwa mama kwenda kwa binti, na udongo unakwenda pamoja nacho.

Mwanaakiolojia Graham Connah alichimba pale mwaka 1989 na 1990. Alikuta tabaka juu ya tabaka za majivu, vigae vya vyungu na mabaki ya kazi ya chumvi, marefu kuliko urefu wa mtu. Kazi hiyo imekuwa ikifanyika mahali palepale kwa zaidi ya miaka 700. Kwa hesabu za wanahistoria wengi, hiyo ni kabla ukoo wa kifalme wa Babiito haujashika ngoma ya ufalme wa Bunyoro. Wafalme wamekuja na kwenda, na mama wa Kibiro bado anakwangua kitalu chake.

Naendelea baadaye, simu inaishiwa chaji.

---

Okello Pakwach

Kaka Atwoki, ahsante. Mimi ni Mualuri, baba alikuwa akivua kutoka Panyimur hadi Butiaba. Alikuwa akituambia chumvi ya Kibiro ilivuka ziwa zamani sana, watu wakaileta kwa mitumbwi wakabadilishana na nafaka. Ndiyo maana pwani yote ya ziwa hili Kiswahili kinasikika mpaka leo: Mualuri, Mugungu, Munyoro na Mkongo wanakutana mwaloni na lazima waelewane bei. Endelea tafadhali.

---

Kweli_Tupu

Mimi nitasema ambalo wengi hawataki kusema. Historia ni nzuri, lakini watoto wa pale wanahitaji shule, zahanati na barabara. Kukaa chini ya genge ukichemsha matope kwa kuni, kilo ya chumvi dukani ni bei ndogo, hiyo ni biashara au ni mateso? Pengine ingekuwa heri watu wapandishwe juu wapewe ardhi ya kulima.

---

Atwoki wa Kigorobya

Kweli_Tupu, sikuchukii kwa kusema hivyo. Shule na zahanati nazitaka pia, tena kabla yako. Lakini hilo la kuwapandisha juu tulirudie baada ya kuona Kibiro ilikuwa nini.

Chumvi ya Kibiro ilikuwa mali ya nchi. Bunyoro ilikuwa na vyanzo viwili vikubwa vya chumvi: Kibiro hapa, na Katwe kule kusini-magharibi. Chumvi ilisafiri ikafika Buganda, Lango, Acholi. Sehemu ilikwenda kwa Omukama, mfalme wetu, kama kodi. Na kwa sababu Kibiro hawalimi, kila muhogo, kila ndizi, kila uwele uliopikwa pale ulinunuliwa kwa chumvi. Huko juu kwenye genge kulikuwa na masoko, watu wa juu wanashuka na chakula, watu wa chini wanapanda na mizigo ya chumvi kichwani. Kijiji kizima kilikula kwa kazi ya mikono ya wanawake wake. Wanaume walivua na kuchunga mbuzi, lakini nguzo ya nyumba ilikuwa kitalu.

Katika miaka ya 1880 Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Equatoria upande wa kaskazini, alifika Kibiro na kuandika habari za chumvi yake na wanawake wanaoitengeneza. Alikuwa na meli mbili ndogo za mvuke katika ziwa hili, *Khedive* na *Nyanza*. Fikiria, mama anakwangua kitalu chake na moshi wa meli unatokea kwenye maji. Mwakilishi wake kwa Kabalega, mfalme wa Bunyoro, alikuwa Mwitaliano, Gaetano Casati. Januari 1888 mambo yaliharibika, Casati akakamatwa, akaponyoka na kukimbilia ziwani, ambako Emin alimchukua kwa meli.

Kisha vita. Mwishoni mwa 1893 Kanali Colvile wa Uingereza aliingia Bunyoro na jeshi kumwandama Kabalega, na alipofika ziwani alifikia Kibiro. Alijenga mstari wa ngome kutoka Hoima mpaka pale. Mwanzoni mwa 1894 Meja Owen alitoka hapo kwa mashua kwenda Wadelai kupandisha bendera ya Uingereza. Wengi tunajua mwisho wa Kabalega: alikamatwa Aprili 1899 huko Lango pamoja na Mwanga wa Buganda, akapelekwa Ushelisheli, akafa Jinja mwaka 1923 akiwa njiani kurudi nyumbani. Lakini wachache wanajua kwamba njia ya majeshi yale ilipita juu ya mashamba ya chumvi ya mabibi zetu.

---

Mwalimu Araali

Atwoki, naongezea kidogo hapo kwenye askari, kwa kuwa kinahusu lugha tunayoandikia. Emin alipoondoka, sehemu ya askari wake Wasudani walibaki magharibi mwa ziwa. Kapteni Lugard, Mwingereza, aliwachukua mwaka 1891 na kuwaingiza katika jeshi la kikoloni. Uzao wao ndio Wanubi tulio nao Hoima, Masindi, Bombo na kwingineko. Kinubi chao na Kiswahili cha kambini ndivyo vilivyosikika kwenye zile ngome za Colvile. Wanafunzi wangu wakiniambia Kiswahili kililetwa Uganda na wafanyabiashara peke yao, huwa nawaonyesha mstari ule wa Hoima hadi Kibiro kwenye ramani.

---

Binti wa Katwe

Wakubwa shikamooni. Mimi ni wa Katwe, Kasese. Nimefurahi kuona mtu anaandika kuhusu chumvi kwa heshima.

Kwetu ni tofauti. Chumvi yetu inatoka ndani ya ziwa dogo lililo katika shimo la volkeno. Watu wanaingia majini wenyewe, wanaume wengi, wanang'oa mabamba ya chumvi kutoka chini, na pembeni kuna vitalu ambako maji yanakaushwa na jua. Ile maji inachubua ngozi. Baba yangu mikono yake ilikuwa kama gome la mti. Lugard alijenga Fort George pale mwaka 1891 kwa sababu hiyohiyo, kuikata chumvi isimfikie Kabalega.

Baadaye serikali ilijenga kiwanda kikubwa, mitambo ya Wajerumani. Katika miaka ya 1980 kilishindwa, mabomba yaliliwa na chumvi yenyewe. Magofu yake bado yamesimama, na chini yake watu wanaendelea kufanya kazi kwa mikono kama zamani.

Kaka Kweli_Tupu, mimi nimekulia kwenye mateso unayoyasema, siyakatai. Lakini aliyekuja na mitambo ya kutuokoa aliondoka, sisi tukabaki. Uliza kwanza wenye vitalu wanataka nini.

---

MvuviWanseko

Naongezea mfano wa karibu. Butiaba, kaskazini ya Kibiro.

Babu yangu alifanya kazi bandarini Butiaba, kwenye tanuri la meli. Wakati ule Butiaba ndiyo ilikuwa mji! Mzigo na wasafiri walitoka Jinja kwa reli mpaka Namasagali, wakapanda meli za Ziwa Kyoga hadi Masindi Port, kisha barabara hadi Masindi na kushuka genge hadi Butiaba, na hapo meli zikawapeleka Kongo na Nimule kuelekea Sudan. Meli kubwa ilikuwa *Robert Coryndon*, iliyoletwa vipande kutoka Uingereza na kuunganishwa ziwani mwaka 1930. Mwandishi Ernest Hemingway alipita hapo Januari 1954. Ndege yake ilikuwa imeanguka karibu na maporomoko ya Murchison, akaletwa kwa mashua Butiaba, na ndege iliyokuja kumchukua nayo ikawaka moto wakati wa kuruka. Alipona.

Kisha ikaja mvua kubwa ya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Maji yakapanda, gati likazama, *Coryndon* ikazama ukingoni. Reli ikapelekwa Pakwach mwaka 1964 na Butiaba ikaachwa. Nilipokuwa kijana mabaki ya ile meli yalikuwa bado yanaonekana. Baadaye watu waliyakata wakayauza kama vyuma chakavu.

Gati la saruji, meli ya chuma, reli, wahandisi: haikufika miaka sitini. Kibiro ina mistari ya mawe na udongo.

---

Abwooli_K'la

Atwoki, nasoma hapa ofisini Kampala na machozi yananilenga. Bibi yangu pia alitoka Kibiro, aliolewa Masindi. Nyumbani kulikuwa na chumvi ya kijivu ndani ya kibuyu, haikuwekwa kwenye mchuzi wa kila siku, ilitolewa wageni wakija na kwa maharage ya kuungwa. Nikiwa mtoto nilidhani ni uchafu. Bibi aliwahi kuniambia "mimi pia nina shamba", na sisi tukacheka kwa sababu tulijua hana shamba. Sasa ndiyo naelewa alisema nini.

---

Nesi Adyeri

Ndugu, naomba niseme la afya kwa upole. Chumvi ya kienyeji, ya Kibiro na ya Katwe, haina madini joto yanayotiwa kiwandani. Sheria ya Uganda inataka chumvi ya kula iwe na madini hayo, na sababu ni ya kweli: mama mjamzito akiyakosa, ubongo wa mtoto unaathirika, na rovu shingoni tumeliona sana sehemu za milimani. Kwa hiyo chumvi ya Kibiro itumike kwa ladha na kwa mifugo, na ile ya dukani yenye madini joto isikosekane jikoni. Sitaki mtu asome uzi huu halafu aache chumvi ya dukani.

---

Atwoki wa Kigorobya

Nesi Adyeri, webale muno, hilo ni la muhimu na nakubali kila neno. Ng'ombe na mbuzi wanaipenda sana chumvi yetu, na soko hilo lipo.

Dada Abwooli, bibi yako alisema kweli. Nitarudi kwako.

Kilichoipunguza Kibiro ni reli. Ilipofika Kisumu mwaka 1901, chumvi ya bahari ikaanza kuingia nchini kwa wingi na kwa bei ndogo. Kidogo kidogo wateja wa mbali wakapotea, wakabaki wa Bunyoro na wa ziwani. Huwa nafikiri sana kuhusu hilo siku hizi, kwa sababu sasa mambo yamegeuka. Mwaka 2006 ilitangazwa kwamba mafuta yamepatikana chini ya ardhi yetu ya ziwani, na bomba la kilomita 1,443 litayatoa Kabaale, hapa Hoima, mpaka Chongoleani, Tanga. Zamani bahari ilituletea chumvi, sasa sisi tunaipelekea mafuta.

Na Kibiro iko katikati ya hayo yote. Visima vya mafuta viko kusini na kaskazini yake. Zile chemchemi zenyewe zimevutia wataalamu wa umeme wa joto la ardhini, na wamekwisha kuchimba mashimo ya kupima. Sipingi umeme. Mama anayechemsha maji ya chumvi kwa kuni, huku genge likizidi kuwa uchi kwa kukatwa miti, ana haki ya kwanza kufaidi joto lililo chini ya miguu yake. Ninachoomba ni kwamba siku wahandisi wakishuka na ramani zao, wasiandike pale "ardhi tupu". Vile vitalu havina miti wala mazao. Mtu asiyejua akiviangalia anaona matope.

Kibiro imo kwenye orodha ya awali ya UNESCO tangu 1997. Orodha hiyo haizuii tingatinga. Na mwaka 2020 tuliona jinsi ziwa lilivyopanda: Wanseko, Butiaba, mialo mingi ilizama, watu wakalala mashuleni. Kitalu kikifunikwa na maji ya ziwa, chumvi inaoshwa.

Kwa hiyo Kweli_Tupu, hili ndilo jibu langu. Ukimpandisha mama wa Kibiro juu ukampa ekari mbili, hati itaandikwa jina la mume. Kule chini kitalu ni chake, na cha binti yake. Sijui mahali pengine hapa kwetu ambapo mwanamke ana mali ya ardhi kiasi hicho bila kumwomba mtu.

---

Kweli_Tupu

Hilo la hati sikulifikiria. Nimeelewa. Mama yangu alinyang'anywa shamba baba alipofariki, na lilikuwa shamba alilolima yeye miaka ishirini. Naondoa neno langu la kuwapandisha. La zahanati naliacha palepale.

---

Mwalimu Araali

Nesi ametaja ya kwake, mimi nina la shule. Watoto wa Kibiro wanajua kwa vitendo kile ambacho mimi nakifundisha ubaoni: maji kupanda katika udongo, mvuke, kuchuja, kuchemsha mpaka chumvi itengane na maji. Nilishawahi kumpa mtoto wa pale nafasi aeleze darasa. Alieleza mpaka kwa nini mvua ikinyesha kazi inasimama siku kadhaa, maana inarudisha chumvi chini. Hakutumia neno hata moja la kitabuni na hakukosea.

Atwoki, kuna mtu ameandika kitalu kipi ni cha nani?

---

Atwoki wa Kigorobya

Mwalimu, hapana. Yamo vichwani mwa wazee, na wazee wanapungua. Mama yangu ananiambia kila mwenye kitalu anaweza kukutajia aliyempa, na aliyempa huyo, na mara nyingine wa tatu. Baada ya hapo wanasema "wa zamani".

Jumamosi nashuka. Nimenunua daftari la kurasa 96. Mwenye ndugu pale aniandikie hapa.

---

Okello Pakwach

Ukifika mwaloni, upande wa mitumbwi kuna jamaa zetu Waaluri wanaovua muziri, wale samaki wadogo. Watakukaribisha. Usishuke baada ya saa nane, jua la pale chini linapiga kama tanuri.

---

Atwoki wa Kigorobya

Nimerudi jana jioni, miguu inauma.

Siku ya kwanza wanawake walikuwa na wasiwasi. Walidhani nimetumwa na kampuni kuhesabu fidia, kwa sababu wamekwisha kuona watu wenye madaftari. Mama yangu mdogo akanisimamia, akawaambia mimi ni mjukuu wa nani. Kuanzia hapo nilishindwa kuandika kwa kasi yao. Walitaja empaako kwanza, lile jina letu la heshima kama Atwoki au Abwooli, kisha jina, kisha mawe yanapoanzia na yanapoishia. Walisahihishana. Wawili walibishana kuhusu mstari mmoja wa mawe, mzee mmoja akaitwa, akaja taratibu na fimbo yake, akasimama juu ya mstari wenyewe akasema mama wa fulani alihamisha mawe matatu mwaka ule wa maji mengi, na mabinti walikubaliana. Nadhani ni yale mafuriko ya miaka ya sitini. Nimeandika vilevile alivyosema.

Mpaka sasa nina vitalu 31, vingi vimefika kizazi cha tatu, vinne vimefika cha nne.

Dada Abwooli, kitalu cha bibi yako kipo. Kinafanyiwa kazi na binti wa dada yake. Kiko upande wa Mukabiga, mawe yake ni meupe kuliko ya majirani. Alinionyesha rundo la udongo lililofunikwa kwa gunia na kusema huo ni wa bibi yako, haukuchanganywa. Ninachokosa ni aliyempa bibi yako. Mama huyo alitaja empaako tu, Abwooli, jina halikumbuki.

---

Abwooli_K'la

Nimempigia mama usiku huu. Amesema hiyo empaako yangu nilipewa kwa ajili yake, mama wa bibi. Jina analijua mama mkubwa wa Masindi, hana simu, na mdogo wangu anakwenda kwake Jumatano. Acha mstari mmoja wazi kwenye daftari.